Redio ya chumba cha mtoto wa miaka miwili: anza na kigurudumu cha sauti

Swali: Shikamoo fundi. Niko Tanga, nina binti aliyetimiza miaka miwili. Anapenda nyimbo kupita kiasi, na hadi sasa anazisikiliza kwenye simu yangu; nikiichukua ni kilio. Nataka nimwekee chumbani kitu chake cha kupigia muziki, kirahisi, mchana akiwashe mwenyewe na usiku kimsaidie kulala. Dukani nimeona spika ya Bluetooth yenye umbo la paka na taa za rangi, redio ndogo ya memori kadi, na mdoli wa manyoya anayeimba ukimbonyeza tumbo. Dada yangu aliyeko Ujerumani anasema atanitumia Toniebox, boksi la kusimulia hadithi la watoto. Nichukue kipi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Chukua redio ya memori kadi, lakini usichukue ya kwanza utakayopewa. Tafuta yenye kigurudumu cha kuzungusha cha sauti, kile ambacho ukikirudisha hadi mwisho kinalia "ka" na redio inazima. Nimevifungua na kuviunga vifaa vya namna hii miaka mingi, na kwa chumba cha mtoto mdogo hakuna sehemu ninayoitazama kabla ya hiyo.

Sababu yake ni hii. Spika nyingi ndogo zinazouzwa sasa, yule paka wako akiwemo bila shaka, zina vitufe vichache na kila kitufe kimepewa kazi mbili. Ukikigusa na kuachia, kinaruka kwenda wimbo unaofuata. Ukikishikilia, kinapandisha sauti. Mtu mzima anajifunza mchezo huo kwa dakika moja. Mtoto wa miaka miwili hajui kugusa na kuachia. Anabonyeza kwa nguvu zake zote na kidole kinabaki palepale. Alitaka wimbo mwingine, akapata sauti ya mwisho. Na mtoto wa umri huo hakai mbali na kitu anachokipenda: anakikumbatia, anakilalia, anakiweka sikioni.

Fanya jaribio hili ukiwa dukani, kabla hujatoa hela. Weka wimbo, shikilia kitufe cha kusonga mbele, hesabu polepole hadi tano. Sauti ikipanda, mrudishie muuzaji kifaa chake. Kisha kizime na kukiwasha tena. Spika nyingi za Bluetooth zikiwashwa hutamka maneno kwa Kiingereza au Kichina, au hulia mlio, na maneno hayo hutoka kwa sauti kubwa hata kama ulishaipunguza. Hebu fikiria hilo saa tatu usiku, mtoto ndiyo kwanza anasinzia.

Nieleze kwa nini naisisitiza sauti. Shirika la Afya Duniani na ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, katika kiwango walichokitoa mwaka 2019 kwa vifaa vya kusikilizia, waliweka kikomo cha desibeli 80 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima. Kwa watoto walishuka hadi desibeli 75 kwa saa hizohizo. Sauti ikipanda desibeli 3, muda unakatwa nusu. Kwa hiyo kwenye desibeli 78 ni saa 20, kwenye 81 ni saa 10, na ukifika 87 zimebaki saa mbili na nusu kwa wiki nzima. Spika ndogo yenye makelele, ikiwa karibu na kichwa, inafika huko bila taabu. Mwaka 2014 watafiti wa Toronto walichapisha vipimo vya mashine 14 za kuwalazia watoto wachanga, zile zinazotoa sauti ya mvua na ya mawimbi. Kwenye umbali wa sentimita 30, zikiwa zimefunguliwa hadi mwisho, zote zilipita desibeli 50, ambacho ndicho kiwango kinachopendekezwa kwa vyumba vya watoto wachanga hospitalini. Tatu kati yake zilipita 85. Hizo zilikuwa bidhaa zilizotengenezwa mahususi kwa ajili ya watoto, zikauzwa hivyo.

Headphone usimnunulie kabisa kwa umri huu, hata zile zilizoandikwa kuwa ni za watoto.

Sasa yule mdoli. Hapa naomba unisikilize kwa makini kuliko mahali pengine popote katika jibu hili. Mgeuze, tafuta zipu au kifuniko mgongoni, uone anatumia betri gani. Wadoli wengi wanaoimba hutumia betri za saa, zile bapa za mviringo. Mojawapo ya zile kubwa ni ya lithiamu ya milimita 20, imeandikwa CR2032, na ndiyo inayotumika pia kwenye rimoti ndogo zinazokuja na baadhi ya spika. Mtoto akiimeza, ukubwa wake unaifanya ikwame kwenye umio. Ikikwama pale kwenye unyevu, umeme unapita kati ya pande zake mbili na kuzalisha kemikali kali inayounguza nyama. Kidonda kibaya kinaweza kutokea ndani ya saa mbili. Si lazima betri ivuje, na hata ile uliyoitoa kwa kuwa imeisha bado ina umeme wa kutosha kufanya hivyo. Marekani walitunga sheria mwaka 2022 ya kulazimisha vifuniko vya betri hizi viwe vigumu kwa mtoto kufungua. Bidhaa inayofika mikononi mwako Tanga huenda haikutengenezwa kwa kuifuata sheria hiyo.

Ikitokea ukadhani tu kwamba mtoto amemeza betri ya aina hiyo, usingoje dalili na usimtapishe. Nenda moja kwa moja hospitali yenye eksirei na useme mlangoni, "Amemeza betri." Mkiwa njiani, kwa mtoto aliyepita mwaka mmoja, na kama anameza vizuri, mpe asali vijiko viwili vya chai kila baada ya dakika 10, isizidi mara sita. Asali inapunguza kasi ya kuungua. Lakini usiahirishe safari kwa ajili ya kutafuta asali.

Kwa hiyo mdoli wa betri za saa asiingie chumbani. Redio nayo itazame hivyohivyo. Kifuniko cha betri kiwe cha kufungwa kwa skrubu, bisibisi ndiyo ikifungue, si ukucha. Redio nyingi za memori kadi zina kifuniko cha kusukuma kwa kidole gumba. Fundi yeyote anaweza kutoboa tundu dogo pembeni na kutia skrubu fupi, kazi ya dakika tano. Mwambie tu aangalie ncha ya skrubu isifike kwenye betri.

Ndani mara nyingi utakuta betri bapa ya mstatili iliyoandikwa BL-5C, ileile iliyokuwa kwenye simu za Nokia za vitufe. Hilo ni jambo zuri kwako, kwa sababu itakapochoka utaipata kwenye karibu kila kibanda cha vifaa vya simu. Kila mwezi itoe, ilaze juu ya kioo au meza laini, uizungushe kwa kidole. Ikizunguka kama pia, imevimba tumbo. Usiirudishe ndani tena. Kuchajia kufanyike sebuleni mchana, macho yako yakiwa karibu. Chumbani kwa mtoto redio iende kwa betri tu. Sitaki waya wa chaja karibu na kitanda chake: waya wowote ukae angalau mita moja kutoka pale anapoweza kunyoosha mkono, na chaja inayopata joto isikae karibu na godoro na chandarua.

Memori kadi yenyewe ni hatari nyingine ambayo wazazi wengi hawaifikirii. Tundu lake lina springi: ukiisukuma kadi, inaruka nje. Mtoto atagundua hilo siku ya kwanza, na kadi ni ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba chako. Ukishaijaza na kuiingiza, ziba tundu kwa tepu ya fundi umeme, mizunguko miwili kuzunguka redio nzima.

Kuhusu kuijaza, kuna mambo yanayowasumbua watu hadi wanadhani redio ni mbovu. Nunua kadi isiyozidi GB 32. Zilizo kubwa zaidi huja zimepangwa kwa mfumo ambao redio hizi za bei ndogo haziusomi. Hata GB 4 inatosha: MP3 ya kawaida ya kilobiti 128 hula karibu MB 1 kwa dakika, kwa hiyo una zaidi ya saa 60 za kusikiliza. Redio nyingi pia hazifuati majina ya nyimbo. Zinapiga kwa mpangilio ambao faili ziliingizwa kwenye kadi. Ukitaka mpangilio wako, futa kadi yote, kisha nakili wimbo mmoja baada ya mwingine kwa utaratibu unaoutaka. Na usiijaze. Mtoto wa miaka miwili anataka wimbo uleule mara ishirini, na ndivyo anavyojifunza maneno. Kumi au kumi na tano zinamtosha kwa kuanzia: nyimbo za watoto, kaswida au kwaya, chochote kinachosikilizwa nyumbani kwenu. Zikiwa chache atajua kwamba akibonyeza mara mbili anaufikia ule anaoupenda. Zikiwa mia tatu, redio itakuwa bahati nasibu kwake, na atakuita wewe kila dakika.

Kisha weka sauti zenu. Hili ndilo ningelifanya kabla ya nyimbo za kununua. Mwombe bibi yake aimbe zile bembelezi alizokubembelezea wewe, asimulie na hadithi moja fupi. Rekodi kwa simu katika chumba chenye godoro na mapazia, maana ukuta mtupu unarudisha mwangwi. Zima feni. Simu ikae shibiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo na si mbele kabisa, ili herufi za "p" na "b" zisipulize. Bibi akisema "Paukwa!", anyamaze kidogo kabla ya kuendelea. Ile nafasi ni ya mtoto kuitikia "Pakawa!" Siku za mwanzo hataitikia, baadaye utamsikia kutoka jikoni. Vipindi vya redio vya kufundishia watoto wadogo Zanzibar, chini ya mradi wa RISE ulioanza mwaka 2006, vilitumia njia hiyohiyo: sauti inauliza, inanyamaza, watoto wanajibu au wanafanya, ndipo inaendelea. Redio inayosubiri jibu inamfanya mtoto aseme, badala ya kukaa tu na kupokea.

Ila kumbuka kwamba simu nyingi hazirekodi kwa MP3. Rekoda ya simu mara nyingi huhifadhi faili ya M4A, na ujumbe wa sauti wa WhatsApp huhifadhiwa kama Opus. Redio ya memori kadi ikikutana na faili za namna hiyo huziruka kimyakimya, nawe utadhani hukuzinakili. Zigeuze ziwe MP3 kwanza kwa programu ya simu au kompyuta. Kama huna, kijana wa duka la kuingiza nyimbo atakufanyia. Mwambie tu neno "MP3".

Kwa usiku kuna tatizo la redio kurudia nyimbo hadi asubuhi, kwa kuwa nyingi hazina saa ya kujizima. Njia rahisi ni hii: kwenye kadi ya pili, ya usiku (ukiibadilisha, rudishia tepu), weka bembelezi za dakika 20 hivi, na baada yake weka faili ndefu ya ukimya. Faili ya ukimya ya saa 8 kwa kilobiti 32 haifiki hata MB 120. Nyimbo zitaisha, chumba kitatulia, na redio itakuwa inaendelea kupiga kimya hadi wewe unapopita kuizima ukienda kulala. Usiku redio isikae kitandani. Ipandishe juu ya kabati, mita mbili au zaidi kutoka kwenye mto. Mahali pa wazi, umbali ukiongezeka mara mbili sauti hupungua karibu desibeli 6. Chumbani kuta zinairudisha kiasi, kwa hiyo upungufu unakuwa mdogo kuliko huo, lakini bado unasaidia sana. Weka simu yenye programu ya kupima sauti juu ya mto wa mtoto, mahali kichwa kinapolala, na punguza redio hadi isome chini ya 50. Kipimo cha simu hakina usahihi wa maabara, ila kinatosha kukuonyesha kama uko 50 au 70. Mchana ishushe chini, kwenye kiti au rafu anayoifikia, aitawale mwenyewe.

Juu ya simu umeamua vizuri. Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019, lilisema mtoto wa miaka miwili asizidishe saa moja ya kutazama kioo cha simu au televisheni kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Tegemea kwamba siku chache za kwanza ataigeuzageuza redio akitafuta picha. Kaa naye chini, imbeni pamoja, mpigie makofi anapoipata "play" mwenyewe.

Toniebox ni kifaa kizuri na dada yako anakupenda. Ni boksi laini la kitambaa: mtoto anaweka kisanamu cha plastiki juu yake, nacho kinaanza kusimulia. Sauti inapandishwa kwa kuminya sikio kubwa la boksi na kushushwa kwa sikio dogo, na mzazi anaweza kuiwekea kikomo kupitia simu. Kikomo hicho ndicho ninachokipenda. Lakini visanamu vyake vingi vimeandikwa kuwa ni vya miaka 3 na kuendelea, kila kisanamu kipya kinahitaji Wi-Fi mara ya kwanza ili kipakue hadithi yake, na hadithi nyingi atakazozipata madukani huko ni za Kijerumani. Ya Kiswahili mtarekodi wenyewe kwenye kisanamu maalumu kinachopokea hadi dakika 90. Plagi yake ina pini mbili za mviringo, mtahitaji adapta, ila umeme ni uleule wa volti 230. Akitimiza miaka mitatu na nyumbani kuna Wi-Fi, pokea kwa mikono miwili. Leo, hela hiyo ni nyingi kwa kitu ambacho redio yako itakifanya.

Kuna marekebisho moja ningependa umpe fundi kabla redio haijaingia chumbani, kwa sababu kigurudumu nacho mtoto anaweza kukizungusha hadi mwisho. Afungue, akate waya mmoja unaokwenda kwenye spika, na aunge rizista, kipande kidogo kinachopunguza umeme, katikati. Spika ikiwa ya omu 4, rizista ya omu 12 inaacha robo tu ya volti ifike kwenye spika, yaani sauti ya mwisho inashuka kwa desibeli 12. Ikiwa ya omu 8, atumie omu 22 au 27, ambazo zinapatikana kirahisi. Matokeo ni karibu yaleyale. Rizista iwe ya wati 1 au 2, isiwe ile nyembamba ya robo wati, maana itapata joto. Baada ya hapo mtoto anaweza kuzungusha kadiri anavyotaka, na mwisho wake utakuwa wa chini sana kuliko ulivyokuwa. Kama redio ina taa za disko, fundi akate na waya wa taa akiwa hapohapo.

Fundi asikisie rizista kichwani mwake. Nyuma ya sumaku ya spika pameandikwa namba mbili, omu na wati, kwa mfano "4Ω 3W". Apasome kabla ya kununua kitu. Pakiwa pamefutika au hapasomeki, piga picha ya spika ikiwa nje na ya bodi upande wenye vipande, nitumie, nitakuandikia rizista ya kuagiza.